Maoni ya Mhudumu

Kila Alhamisi natoa mabenchi nje, na kila Alhamisi jioni nayarudisha ndani bila mtu kuyakalia. Tabibu Leokadia Mbawala, bosi wangu ambaye ningeweza kumzaa, hunitazama kupitia dirisha la maabara na kutikisa kichwa. Mwanzoni aliniuliza kwa nini najisumbua. Nikamwambia mabenchi nayo yanahitaji jua. Alicheka, kisha akaona mimi sicheki, akaacha kuuliza.

Zamani hayakutosha. Hapa Kituo cha Afya Lihanje tulikuwa na watu zaidi ya mia nne wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, na siku ya kliniki kilima kizima kilihamia uani kwetu. Waliotoka mbali walifika umande haujakauka. Wengine walileta viazi wakauza kando ya uzio, na kuna mama mmoja aliuza pombe ya ulanzi nyuma ya choo akidhani sijui. Mimi nilikaa mezani na sinia langu la kuhesabia vidonge, naita jina moja baada ya jingine, na kila jina lilikuja na habari zake: ng'ombe amezaa, mume amerudi, mtoto amefaulu. Kila wiki nililalamika kwamba mgongo unaniuma na watu ni wengi mno. Nadhani Mungu alinisikia vibaya.

Haikuwa ghafla. Dawa za mwezi mmoja zikawa za miezi mitatu, za mitatu zikawa za sita, na kila walipoongezewa muda watu walipiga makofi nami nikapiga nao. Halafu ikaja punje. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele, kinawekwa chini ya ngozi ya mkono kwa bomba maalumu, na ndani yake dawa imepangwa matabaka kama kitunguu. Tabaka la nje likiisha kuyeyuka, la pili linaanza, hivyo hivyo mpaka miaka saba itimie. Katikati ya kitunguu hicho kuna kiini kinachosikiliza damu na kupeleka habari kwenye mnara wa simu, na mnara unazileta kwenye ubao ulio ukutani nyuma ya meza yangu. Kila mtu ana taa yake. Damu ikiwa safi, taa ni ya kijani. Virusi wakianza kuinua kichwa, inageuka njano, na hapo ndipo tunaruhusiwa kumpigia mwenyewe simu.

Taa ikiwa ya kijani, sheria inatukataza kumwita, kumtafuta, hata kupita kwake kumjulia hali. Watu hawa walisakwa na zahanati kwa miaka mingi mno, ndivyo sheria inavyosema, sasa wana haki ya kusahauliwa. Wao wakitaka kuja, waje. Lakini nani huenda hospitali akiwa mzima? Ni sheria nzuri, na niliipenda mpaka ilipoanza kutumika.

Leo taa ziko mia nne na tatu, zote kijani. Namba mia moja na sita ndiyo peke yake haina taa. Huyo ni Gaudence Haule, fundi wa vinanda vya makanisa, mtu pekee katika tarafa nzima anayemeza vidonge mpaka leo. Kila mwezi kipanga, ile ndege isiyo na rubani ya bohari ya dawa, huruka kutoka mjini kuja kutuangushia kichupa kimoja cha vidonge thelathini. Na kila baada ya siku ishirini na nane Fundi hushuka kutoka ng'ambo ya bonde kuja kukichukua.

Leo ndiyo siku yake. Chini ya koti la kazi nimevaa gauni jipya la kitenge. Nina miaka hamsini na nne, na aibu yangu naijua mwenyewe.

*

Kwa nini Fundi hana punje? Swali hilo lina jibu la kwenye makaratasi na jibu la kweli. Nitaanza na la makaratasi.

Miaka mitano iliyopita, kabla punje haijaletwa kwetu, wakubwa wa kanda walitukusanya wahudumu ukumbini mjini wakataka maoni yetu. Wengi walifurahi. Muuguzi mmoja kutoka kando ya ziwa alisema anahudumia watu mia mbili kwa siku na hapati nafasi ya kumtazama hata mmoja machoni, basi punje ije hata kesho. Mwingine aliogopa. Watu huja kwa ajili ya vidonge, alisema, na wakishakuja ndipo tunawakuta na presha, na kikohozi cha kifua kikuu, na mimba ambayo hata mwenyewe haijui. Wasipokuja, hayo tutayaonea wapi? Mzee mmoja wa maabara akauliza mwanamke akipigwa na mumewe taa yake itakuwa ya rangi gani. Ukumbi ukacheka, yeye akabaki amesimama akingoja jibu.

Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema mashine inamwona kirusi, haimwoni mtu. Niliongea dakika tatu, nikakaa. Makofi yalikuwa mengi. Kwa sababu ya maneno hayo, na ya wenzangu waliosema kama mimi, fomu ya punje ikaongezwa kisanduku cha saba. Sita hujazwa na mashine: wingi wa virusi, kinga, ini, figo na kadhalika. Cha saba hujazwa kwa mkono na muuguzi anayemhudumia mteja, nacho kinaitwa Maoni ya Mhudumu. Muuguzi akiandika Ameimarika, punje inatolewa siku hiyo hiyo. Akiandika Bado, hakuna tabibu wala mkubwa wa kanda awezaye kulitengua neno lake, wala haulizwi sababu.

Basi kwenye makaratasi Fundi hana punje kwa sababu mhudumu wake ameandika Bado. Mhudumu huyo ni mimi.

Sikuanza kwa ubaya. Mkewe Perpetua alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwekewa punje hapa Lihanje. Fundi mwenyewe aliahirisha, akasema anasubiri aone ya mwenzake inavyokwenda. Perpetua aliacha kuja kliniki, kama wengine, akanenepa, akafungua duka la nyuzi. Miaka mitatu iliyopita alianguka jikoni kwake kwa presha ambayo hakuna aliyeipima. Taa yake ilikuwa ya kijani mpaka asubuhi hiyo aliyoanguka. Nilikuwa nimeitazama nikinywa chai.

Baada ya maziko Fundi alimwaga vidonge vyake chooni na miezi minne hakuonekana. Mtu wa vidonge inaruhusiwa kumfuata, kwa hiyo nilivuka bonde kwa miguu. Nilimkuta karakanani, mbele ya kinanda cha kukanyaga alichokifungua viungo vyote vikawa sakafuni, amekaa tu. Sikumhubiria. Nilibandika uji, nikakaa naye mpaka akanywa. Wiki iliyofuata nilirudi. Ya tatu alikuja mwenyewe kliniki, amenyoa ndevu.

Miezi ilipita, damu yake ikasafika, mashine ikajaza visanduku vyake sita vyote kijani. Bado ya kwanza niliiandika kwa haki kabisa, kwa sababu jeraha lake lilikuwa bichi na nilimwogopea. Ya pili niliandika kwa mazoea. Ya tatu niliandika nikijua ninachofanya, na tangu hapo ninajua kila mwezi. Zimefika ishirini.

Jibu la kweli ni hili: siku ishirini na saba ninangoja muda wa saa moja. Fundi akija tunahesabu vidonge vilivyobaki. Ni desturi ya kliniki tangu zamani, mteja anarudi na kichupa chake, unamimina kwenye sinia, unahesabu kuona kama amemeza sawasawa. Mimi na yeye tunahesabu kwa pamoja, viwili viwili, yeye akivisogeza kwa kidole kilekile anachogusia funguo za vinanda. Halafu ninachemsha chai. Ananisimulia panya waliozaa ndani ya kinanda cha parokia, au padri asiyejua kwamba kwaya yake inaimba chini ya noti za kinanda, na mara zote ananiambia birika langu linapiga mluzi wa noti ya sol. Ananiita Sista. Huku kwetu masista ni wa aina mbili, wa kanisani na wa sindano, na utani wake ni kwamba mimi nimechanganya zote mbili. Nacheka kila mara. Akiondoka nakiosha kikombe chake mwisho.

Nampenda. Sijawahi kumwambia mtu yeyote, na yeye ndiye wa mwisho ambaye ningemwambia, kwa kuwa ni mgonjwa wangu na mimi ni muuguzi wake.

*

Asubuhi, kabla hajafika, Tabibu Leokadia aliniita maabara akafunga mlango. Alikuwa ameshika barua kutoka kanda. Katika kanda nzima, barua ilisema, kuna mtu mmoja tu mwenye visanduku sita vya kijani na Bado ishirini. Walitaka maelezo. Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo halikuwa kwenye barua: meli ya Barafuni inaondoka Mtwara baada ya siku kumi na mbili, na orodha ya abiria inafungwa Jumamosi.

Habari za Barafuni nazijua vizuri kuliko ninavyotaka. Ni ule mji wa vioo uliojengwa kwenye ncha ya kusini ya dunia, ambako watu wetu wengi wamekwenda kulima mboga ndani ya nyumba za joto. Skolastika, mtoto wa pekee wa Fundi, yuko huko. Meli huenda mara moja kila baada ya miezi kumi na minane, na kule hakuna dirisha la dawa. Anayetumia dawa sharti awe nayo mwilini. Wenye vidonge hawapandi.

Meli iliyopita iliondoka wiki moja baada ya Bado yangu ya tatu. Skolastika alikuwa mjamzito. Fundi alikuwa ameshanunua koti zito na viatu. Aliniuliza, jibu limetokaje Sista, nikasema bado Fundi, tuvute subira. Akasema sawa. Akachukua kichupa chake, na mwezi uliofuata akaja tena. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kumwona.

Leokadia aliniambia hataki kunihukumu. Alidhani kuna kitu nimekiona ambacho mashine haikukiona, maana nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hii na yeye ana minne. Akaniomba nimweleze ni kitu gani. Nikasema yule ni mtu mpweke, kule mbali akizidiwa nani atamtazama. Nikamkumbusha habari ya Perpetua. Nikasema benchi lile la nje limeokoa watu wengi kuliko vidonge, kwa sababu mtu akikaa pale kuna mtu anamwona.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Mama yangu alikalia benchi la namna hiyo miaka kumi na tisa," alisema. "Dawa zake zilikaa ndani ya debe la mahindi ili wifi zake wasizione. Kila siku ya kliniki alitunga safari ya uongo. Siku alipowekewa punje alirudi nyumbani akalala mchana kutwa, na mimi nilidhani anaumwa. Kumbe alikuwa anapumzika. Benchi lile, Mama, lilikuwa tamu kwa aliyekaa upande wa meza."

Akaweka fomu mpya mbele yangu, visanduku sita vikiwa tupu vinasubiri damu ya leo, na cha saba kikinisubiri mimi. Akasema hatakigusa, sheria ni sheria na kisanduku ni changu. Ila kama nitaandika Bado, mara hii niandike na sababu, kwa kuwa kanda wanataka kuisoma.

*

Fundi alifika saa nne. Alikuwa amekonda kidogo usoni, au niliona hivyo. Hilo ndilo jambo lililonitisha kuliko yote asubuhi ile: sikuweza tena kujua. Zamani jicho langu lilikuwa chombo cha kazi, mtu akiingia tu nilijua amekula au hajala. Sasa kila nikimtazama huyu, jicho linatafuta sababu ya kumbakiza. Linaikuta kila mara.

Leokadia alimtoboa kidole akaipeleka damu kwenye mashine. Visanduku sita vikajaa kijani, kimoja baada ya kingine. Fundi alivitazama kama mtu anayetazama mvua ya kijiji cha jirani. Kisha Leokadia akatuacha, akavuta mlango wa maabara nyuma yake, nami nikaleta sinia.

Alimimina vidonge. Tulipaswa kukuta viwili, maana kichupa ni cha thelathini na siku ni ishirini na nane. Miezi yote hiyo tumekuta viwili. Kidole chake kikaanza kusogeza: viwili, vinne, sita, vinane.

"Vimebaki vinane, Fundi."

"Najua."

"Siku sita hukumeza?"

"Siku sita." Alikuwa anavitazama vidonge, hanitazami mimi. "Nilikaa nikafikiri, Sista. Nameza vyote, nakuja, naambiwa bado. Mwezi mwingine nameza vyote, naambiwa bado. Nikajiuliza, nisipomeza nitaambiwaje? Nitaambiwa bado. Basi nikaacha. Siku ya saba Skola akapiga simu, nikaona haya, nikaendelea."

Kanuni naijua kwa moyo. Dozi zilizorukwa zikizidi tano ndani ya mwezi mmoja, mteja hajaimarika, hapewi punje, anarudi baada ya siku ishirini na nane. Damu haikuonyesha kitu kwa sababu siku sita ni chache. Mashine haikujua. Leokadia hakujua. Nilijua mimi, kwa sinia na kidole, kama nilivyowaambia wakubwa ukumbini kwamba muuguzi atajua. Kwa mara ya kwanza katika miezi ishirini, Bado ilikuwa neno la kweli.

Niseme wazi kwamba nilishawishika. Barua ya kanda ingepata jibu safi: mteja ameruka dozi sita. Hakuna ambaye angenilaumu, hata Leokadia. Meli ingeondoka, na ningepata mwaka mwingine na nusu, Alhamisi kumi na tisa au ishirini, chai, na habari za panya. Niliichukua kalamu. Nilikuwa nimeshaandika B.

Kilichonizuia si wema, ni hesabu. Aliacha kumeza kwa sababu yangu. Uongo wangu ulikuwa umezaa ukweli, na ukweli huo nao ungezaa wake: mwezi ujao angeacha siku kumi, mwezi wa kufuata angemwaga vyote chooni kama zamani, na ningekuwa nimemwua kwa kumsubiri. Na dawa ya mtu aliyechoka kumeza iko wapi kama si kwenye punje, isiyomtaka ameze kitu? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona hilo. Mimi ndiye sikutaka kuliona.

Nikaweka kalamu chini.

"Fundi," nilisema, "umeimarika tangu miezi ishirini iliyopita. Hukuwa na tatizo lolote. Mimi ndiye niliyekuwa naandika bado."

Aliinua uso. Alidhani hajaelewa. Nikarudia, na mara hii nikamweleza yote, kisanduku cha saba ni nini, nani anakijaza, na kwamba hata Bado ya wiki ile ya meli iliandikwa na mkono huu. Alikuwa anaamini siku zote kwamba jibu linatoka mjini. Sikuwahi kumwambia hivyo, ila sikuwahi kumsahihisha.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kwa sababu ukiwekewa punje hutakuja tena."

Nilisema hivyo tu. Neno hilo lilinitosha, na nadhani lilimtosha na yeye, maana hakuuliza zaidi. Nilisikia kipanga akipita juu ya paa, akaangusha mzigo wake uani, akaenda zake.

Alipoanza kuongea hakupandisha sauti. Alinisimulia mjukuu wake, ambaye nilijua amezaliwa lakini sikuwahi kuuliza mengi, na sasa nilielewa kwa nini sikuuliza. Ni wa kike. Ameshaanza kukimbia. Kila Jumapili mama yake humweka mbele ya kioo cha simu aongee na babu, na mtoto, kwa kuwa hajawahi kumwona babu nje ya kile kioo, hudhani simu yenyewe ndiyo babu. Akimwona mzee yeyote hasemi babu. Akisikia simu inalia ndipo anakimbia akisema babu amelia.

"Hiyo ya kuzaliwa siwezi kuipata tena, Sista," alisema.

"Najua."

"Hujui."

Ni kweli sikujua. Sina mtoto. Alivirudisha vidonge vinane kichupani kimoja kimoja, akafunga kifuniko.

"Ungeniambia," alisema. "Mwaka juzi, ungeniambia tu kwa mdomo. Ningebaki kwa kuambiwa."

Kisha akasimama akaenda kukaa dirishani, mgongo kwangu. Nikalia pale mezani, bila sauti, mtu mzima na koti la kazi. Nilikuwa na kitu mkononi mwangu miezi ishirini yote, nikakishika kwa wizi, kumbe kilikuwa cha kuombwa.

*

Niliifuta B nikaandika Ameimarika. Chini yake, penye nafasi ya sababu, niliandika kwamba mteja alistahili punje tangu zamani, na kwamba mhudumu alimzuia kwa sababu zake binafsi. Niliandika pia dozi sita zilizorukwa, ili kanda wajue kila kitu, na kwamba kosa la hizo nalo nalichukua. Nikatia saini jina langu lote, Ottilia Mgaya, na namba yangu ya usajili. Leokadia aliisoma akiwa amesimama. Aliniuliza kama nafahamu kwamba fomu hii inaweza kuniondolea kisanduku, mimi na pengine wauguzi wote wa kanda. Nikasema nafahamu. Akasoma mara ya pili, akaituma.

Kuweka punje ni kazi yangu. Nimeweka karibu zote zinazowaka ubaoni. Niliandaa pamba, spiriti, ganzi na bomba, nikavaa glavu, nikamwita Fundi kwenye kiti.

"Naomba Tabibu aniwekee," alisema.

Nikavua glavu. Leokadia akavaa zake bila kunitazama, nami nikashika tochi. Nilimwona akikaza taya sindano ilipoingia, na baada ya dakika moja nyuma yangu ubao ukalia mlio mdogo, taa ya mia moja na sita ikawaka. Kijani. Ilikuwa nyangavu kuliko nyingine kwa kuwa ni mpya.

Kilichobaki ni kadi. Muuguzi ndiye anayeandika tarehe ya kurudi, na Leokadia hakuniondolea hilo. Nilihesabu miaka saba mbele kwenye kalenda ya ukutani, ambayo haifiki huko, kwa hiyo nikahesabu kwa vidole. Nikaisogeza kidogo iangukie Alhamisi. Niliandika kwa mwandiko mzuri niliofundishwa na masista wale wa kanisani, nikampa.

Aliisoma muda kuliko inavyohitajika kusoma tarehe moja.

"Siku hiyo utakuwepo?"

Zamani ningesema ndiyo. Watu wote wa punje nimewaambia tutaonana, huku najua hatutaonana. "Hapana, Fundi," nilisema. "Nastaafu mwaka mmoja kabla."

Aliitia kadi kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Akampa Leokadia mkono, akamshukuru. Mimi hakunipa. Alikwenda mpaka mlangoni, mkono mmoja ukishikilia bandeji, akasimama pale akitazama nje kwenye mabenchi.

"Sista," alisema, bado amenipa mgongo, "kwako ni wapi?"

Nimemhudumia miaka kumi na tisa, na kwake nimefika, lakini hilo hajawahi kuniuliza. Nikamwelekeza: ashuke mpaka darajani, asivuke, afuate mfereji unaokwenda kwenye mashine ya kusaga, ni nyumba ya tatu, yenye mlango wa bluu. Aliyarudia yote polepole ili asikosee. Daraja, mfereji, ya tatu, mlango wa bluu. Kisha akashuka ngazi akaenda.

Mlango ule sitaubadilisha rangi.